Tingatinga Baada ya Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga alichora kwa muda wa miaka minne hivi. Alianza mwaka 1968, na mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliolidhania gari alilokuwamo kuwa la wezi. Hakuacha shule, wala duka, wala hati ya biashara. Aliacha mjane, watoto wawili wadogo na vijana wachache, wengi wao ndugu zake, waliokuwa wakichora naye uani Msasani, Dar es Salaam. Kwa kawaida ya mambo, mtindo wa mchoraji wa namna hiyo hufukiwa pamoja naye, na picha zake zikasahaulika kwenye kuta za wageni walionunua na kurudi kwao. Haikuwa hivyo. Zaidi ya nusu karne imepita, na jina la mtu huyo limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji, linalotajwa kuanzia Unguja hadi Tokyo. Habari hii husimuliwa mara nyingi kama ngano ya kipaji cha mtu mmoja maskini. Mimi naiona kuwa ni historia ya mtaa, na ya kikundi cha ndugu ambao hawakuwa na mtaji wala cheti, wakaigeuza kazi ya marehemu kuwa mali ya wengi. Kipaji kilianzisha jambo. Lililobaki lote ni kazi ya ushirika, na hata kile kinacholaumiwa zaidi katika picha hizi, yaani kuigana, ndicho kilichouweka ushirika huo hai.

Tuanze na ardhi, kwa sababu bila ardhi ya Msasani hakuna Tingatinga. Wakoloni waliupanga mji wa Dar es Salaam kwa rangi za watu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uzunguni ulipopanuka kuelekea kaskazini, ng'ambo ya daraja la Selander, ukaenea Oysterbay, mtaa wa nyumba kubwa zenye bustani na upepo wa bahari. Pembeni yake kilikuwapo Msasani, kijiji cha wavuvi cha zamani, na kuzunguka kijiji hicho zikaota nyumba zisizo na kiwanja kilichopimwa. Walioishi humo walikuwa wapishi, watunza bustani, mayaya na walinzi wa Oysterbay, watu ambao kazi yao iliwataka wakae karibu na tajiri lakini mshahara wao haukuwaruhusu kukaa pamoja naye. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 maofisa wa Kiingereza wakaanza kuondoka, na nyumba zao zikapata wapangaji wapya: wanadiplomasia, wataalamu wa miradi, watu wa nchi za Skandinavia na kwingineko waliokuja kuisaidia Tanzania. Kwa hiyo mtu wa Msasani, pasipo kupanda basi, alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye soko la watu wenye fedha za kigeni na kuta nyeupe zisizo na kitu. Fundi mwenye mkono kama wake, aliyekaa Temeke au Buguruni, asingekuwa na bahati hiyo. Makazi yasiyopimwa huzungumzwa kama tatizo la mji tu, na ni kweli yana matatizo tele, ila katika habari hii ukaribu wake ndio uliokuwa mtaji wa kwanza.

Tingatinga mwenyewe alifika huko kwa njia waliyoipita maelfu ya vijana wa kusini. Alizaliwa Tunduru miaka ya 1930, akaenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akaingia Dar es Salaam na kupata kazi za nyumbani na za bustani kwa wazungu. Kazi hiyo ilipokoma alihangaika na vibarua na biashara ndogondogo. Miaka hiyo mjini zilikuwa zikiuzwa picha zilizochorwa na Wakongo, nazo zilikuwa na wanunuzi. Akaona naye anaweza. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii, hivyo alichukua vilivyokuwapo dukani kwa ajili ya ujenzi: mbao laini za kufunikia dari, na rangi ya mafuta ya kopo inayopakwa baiskeli. Ubao wa dari wa futi nne kwa nane ukikatwa vizuri hutoa vipande vinane vya futi mbili kwa mbili, na kipimo hicho cha mraba ndicho cha picha nyingi za mwanzo. Rangi ile nayo ina tabia zake. Inang'aa, inakauka ngumu, wala haikubali kuchanganywa polepole ili kuleta kivuli na mwanga kama ilivyo kwa rangi za shule za sanaa. Inayafaa maeneo mapana ya rangi moja, mistari iliyokatika wazi na vitone. Mtu akitazama chui wa Tingatinga, mmoja tu, amejaa fremu nzima juu ya uwanja wa rangi moja, huku madoa yamepangwa kama shanga, asikimbilie kusema kwamba hilo ni jicho la asili la Mwafrika asiyeguswa na mji. Yumo fundi wa mjini aliyekijua kifaa chake. Imo pia, bila shaka, kumbukumbu ya kusini, ambako kuta za udongo za nyumba zilipambwa kwa michoro ya wanyama na watu. Lakini kumbukumbu hiyo ilipita kwenye kopo la rangi ya baiskeli kabla ya kuufikia ubao.

Picha zilipangwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo wageni walikuja kununua mahitaji yao. Ziliuzika haraka. Hapo ndipo jambo la pili lilipotokea, ambalo kwangu ni kubwa kuliko la kwanza: badala ya kuficha ufundi wake, Tingatinga aliwaita ndugu. Wakaja January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata na Ajaba Abdallah. Baadaye wakafuata wengine, akiwemo Omari Amonde. Karibu wote walikuwa watu wa kwao, kwa damu, kwa ndoa au kwa kijiji, na tangu hapo njia ya kutoka Tunduru, hasa maeneo ya Nakapanya, hadi Msasani ikawa njia ya wachoraji. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na ndivyo mafunzo yalivyokwenda. Mgeni alianza kwa kukata mbao, kusafisha brashi na kupaka rangi ya uwanja. Akishazoea, alipewa vitone na manyoya. Mwisho aliachiwa kuchora umbo lenyewe. Hakuna aliyelipa ada, wala hakuna aliyengoja kuitwa msanii ndipo ale. Aliyepaka uwanja alikuwa tayari ndani ya kazi inayoleta unga nyumbani. Shirika la serikali la kununua na kuuza kazi za sanaa, lililokuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, lilipoanza kuchukua picha hizi, mahitaji yalizidi uwezo wa mkono mmoja, na ua wa Msasani ukawa karakana. Tingatinga mwenyewe aliajiriwa Hospitali ya Muhimbili wakati huo, kwa hiyo uchoraji wake ulikuwa wa saa za baada ya kazi. Hebu fikiri: mtu anayechora jioni asingeweza kulisha soko peke yake. Ni ua uliolilisha.

Ndiyo maana kifo chake hakikuzima kitu. Waliobaki walikuwa na kila kilichohitajika isipokuwa yeye: walijua mbao zinapatikana wapi, rangi inachanganywaje na mafuta, mnunuzi anasimama wapi na anataka nini. Si wote waliobaki Msasani. Simon Mpata alihamia Nairobi, akachora huko hadi alipofariki mwaka 1984, na picha zake zilipendwa mno na Wajapani, hata hoteli moja ya kifahari katika Maasai Mara ikapewa jina lake, Mpata Safari Club. Ni heshima ambayo mwalimu wake hakuipata kwa namna hiyo. Lakini tukipima kwa kizazi kilichofuata, mizani inaelemea kwa waliobaki. Wao ndio waliowapokea vijana wapya kutoka kusini, wakawakalisha chini ya miti ya Morogoro Stores na kuwakabidhi brashi. Kikundi hicho kilijipa sura ya ubia rasmi mwaka 1977, na mwaka 1990 kikasajiliwa kuwa chama cha ushirika cha sanaa za Tingatinga, ambacho ndicho kinachojulikana hadi leo.

Tarehe ya kwanza kati ya hizo inafaa kutazamwa kwa makini, maana inasema jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita. Nchi ilikuwa katika zama za Azimio la Arusha, na neno ushirika lilisikika redioni kila siku. Ingekuwa rahisi kudhani kwamba wachoraji wa Msasani walikuwa tunda la siasa hiyo. Hata hivyo, mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika vya wakulima na kazi zake kuzipa mamlaka za mazao. Havikurudishwa kisheria hadi mwaka 1982. Yaani ushirika wa Msasani ulijipanga wenyewe mwaka mmoja tu baada ya dola kuufuta ushirika mkubwa zaidi nchini. Hawakusubiri mwongozo. Walikuwa na sababu zao za kila siku, na tunaweza kuzisoma kutoka katika mazingira yao. Mtu asiye na ajira inayotambulika katika Dar es Salaam ya miaka hiyo aliishi roho juu. Mwaka 1983, kwa kampeni ya Nguvu Kazi, watu walioitwa wazururaji walisombwa mitaani na kupelekwa mashambani. Mchoraji aliyekaa barazani na kopo la rangi, bila kitambulisho cha kazi wala ofisi, alikuwa na sura ileile ya mzururaji machoni pa mgambo. Kikundi chenye jina, mahali panapojulikana na mhuri kilikuwa kinga kabla ya kuwa biashara. Halafu kuna magonjwa na misiba. Ukiishi katika mtaa usio na bima wala benki, kikundi cha kazi ndicho kinachochangia jeneza na nauli ya kusafirisha maiti Tunduru. Ushirika wa Msasani ulikuwa familia iliyojiandikisha, na familia hiyo ndiyo iliyouvusha mtindo katika njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati bidhaa zilipoadimika madukani na watalii walipokuwa wachache.

Sasa tuje kwenye lawama kubwa, inayotolewa na wasomi wa sanaa na wapenzi wa kawaida pia. Wanasema Tingatinga alikuwa msanii, na waliofuata ni wanakili. Ukitembea katika maduka ya Mji Mkongwe, Unguja, utakuta tembo yuleyule chini ya mbuyu uleule, Mlima Kilimanjaro uleule nyuma yake, mamia kwa mamia, na wakati mwingine sahihi ya aliyechora haipo. Hiyo, wanasema, ni bidhaa ya uwanja wa ndege. Lawama hii si ya kupuuzwa. Picha nyingi za Tingatinga ni dhaifu, zimechorwa kwa haraka kwa ajili ya begi la mtalii, na kuhama kutoka ubao kwenda kitambaa cha pamba kinachokunjwa kirahisi kuliongeza kasi hiyo. Lakini lawama inakosea inapofikiri kwamba kuigana kuliingia baadaye kama kutu. Kulikuwapo tangu siku ya kwanza. Tingatinga mwenyewe alianza kwa kuona kazi za Wakongo na kujiambia kwamba soko hilo linafikika. Wanafunzi wake walijifunza kwa kunakili chui wake. Katika mfumo usio na darasa, kunakili ndiyo silabasi; na katika mtaa usio na akiba, picha ambayo tayari imethibitika kuuzika ni chakula cha kesho kwa aliyeingia mjini jana. Aliyebuni samaki wa namna mpya au kundi la ndege wa namna mpya alijua kwamba baada ya miezi michache wenzake watamchora samaki huyo. Alikasirika, pengine, lakini yeye naye alikuwa amekula kwa chui wa mtu mwingine.

Na mfumo huo haukuzaa nakala peke yake, jambo ambalo wenye lawama hawana jibu lake. Kama kuigana kungeua ubunifu, tungetarajia picha za mwaka 1995 ziwe sawa na za mwaka 1970, zikiwa zimefifia tu. Hazifanani. David Mzuguno alijaza ubao kwa ndege, majani na maua mpaka nafasi tupu ikatoweka, kinyume kabisa cha mnyama mmoja wa Tingatinga. Mohamed Charinda alichora hadithi, mashetani na visa vya historia, akiifanya picha isomeke kama masimulizi. Maurus Malikita akaleta umati: watu wadogo wadogo kwa makumi, sokoni, kijijini, hospitalini. Wote hao walipitia vitone na uwanja wa rangi moja. Msingi wa pamoja uliwapa riziki ya kuwasubirisha mpaka kila mmoja alipopata sauti yake. Na wale ambao hawakuipata hawakufa njaa. Shule za sanaa zenye ada na cheti zina wahitimu wengi wasiowahi kupata sauti yao pia, ila hao hatuwaoni kwa sababu waliacha kuchora wakaenda kufanya kazi nyingine. Tingatinga inahukumiwa kwa kazi zake mbaya kwa kuwa wachoraji wake wa wastani walibaki kazini.

Linganisha na upande wa pili. Sam Ntiro, mchoraji mkubwa wa Tanzania aliyezaliwa 1923, alisoma Makerere na baadaye Slade ya London, akawa mwalimu, balozi na kiongozi wa utamaduni serikalini. Picha zake za maisha ya Wachaga zina heshima yake na hakuna anayeiondoa. Lakini mtaa wa wachoraji wanaoishi kwa mtindo wa Ntiro haupo. Wanaowaita wachoraji wa Msasani watu waliojifundisha wenyewe wanawasifu kwa jambo lisilokuwapo, maana baada ya Edward hakuna aliyejifundisha mwenyewe. Walifundishwa, kwa miaka, na walimu waliowajua kwa jina la baba na la mama. Kilichokosekana ni cheti tu.

Pingamizi jingine linatoka upande mwingine: kwamba ushirika huu ni kiumbe cha wageni. Wanunuzi walikuwa Wazungu, shirika la Uswisi la Helvetas lilikuja kuusaidia katika miaka ya 1990, na Wajapani wakakusanya picha kwa wingi. Bila fedha hizo, inasemwa, kusingekuwa na kitu. Kuhusu fedha, ni kweli, na hakuna haja ya kuona haya. Ni michache sana mitaa ya wasanii duniani iliyoishi bila wanunuzi wa mbali. Kuhusu chanzo, si kweli. Msaada ulipokuja ulikuta chama kimekwisha kusajiliwa, kikiwa na wachoraji, mahali na desturi zake. Shirika la serikali lililonunua picha miaka ya 1970 halipo tena, ilhali wachoraji wapo. Wafadhili nao hubadilisha mipango kila baada ya miaka kadhaa. Mshirika wa kudumu wa chama hiki amekuwa ndugu anayeshuka basi kutoka Tunduru akiwa na namba ya simu ya mjomba.

Undugu huo, hata hivyo, ndio udhaifu wake pia, na hapa utetezi wangu unafika mpaka. Kikundi kilichojengwa kwa damu na kijiji huwafungia wengine mlango. Wanawake waliochora katika historia yote hii ni wachache mno kwa kikundi kilichoanzia uani, mahali ambapo wanawake hawakosekani, na sioni sababu ya kisanaa inayoweza kueleza hilo. Zaidi ya hapo, familia haijui kulinda jina lake mbele ya sheria. Mwaka 2010 ilianza kurushwa nchini Uingereza katuni ya watoto iitwayo Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa kwa sehemu kubwa Nairobi, yenye wanyama, rangi na jina la mtindo huu. Watoto wa mabara mengi wamelijua neno Tingatinga kwa njia hiyo bila kujua kwamba lilikuwa jina la baba wa mtu. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, kama sheria za namna hiyo kwingineko, inailinda picha uliyoichora, haimlindi yeyote katika mtindo. Ushirika ulioishi kwa kuachiana chui na samaki bila kuulizana haukuwa na mazoea ya kuuliza: hiki ni cha nani? Swali hilo likaja kuulizwa na watu wa nje, wenye mawakili. Waliokuja baadaye, kama wachoraji wa vitongoji vya Nairobi walioanzisha vikundi vyao karne hii, wana la kujifunza hapo: andikeni mapema jina ni la nani na mapato yake yaende wapi, wakati bado mnapendana.

Lililo wazi kuliko yote ni kwamba nchi yenyewe imechelewa. Picha za miaka minne ya Tingatinga zilinunuliwa zaidi na wageni, wakaondoka nazo, na sahihi yake imeghushiwa mara nyingi tangu hapo. Mtanzania anayetaka kuziona nyingi kwa pamoja atasafiri kwa ndege. Hizo zimekwenda. Ila kazi za kizazi kilichomfuata, na za waliofundishwa na kizazi hicho, bado zinapatikana kwa bei ambayo makumbusho ya taifa, benki zetu na hata mwalimu mwenye mshahara wa kawaida wanaweza kuimudu. Zinunuliwe sasa, zenye sahihi, kutoka kwa mchoraji mwenyewe pale Morogoro Stores, na kila picha iandikwe nyuma jina la aliyeichora, mwaka, na jina la aliyemfundisha.